Maji Kwanza, Chakula Mwisho: Kazi za Mikono kwa Ndege wa Uani

Wanaotaka ndege waje uani mara nyingi huanza kwa kumwaga mchele au makombo ya mkate chini ya mwembe. Wanaokuja ni kunguru, kuku wa jirani, na usiku panya. Kwa sisi tunaoishi Kampala, Entebbe, Jinja au Masaka, chakula cha ndege hakina shida: mapera, mapapai, mbegu za majani na wadudu vipo karibu mwaka mzima. Kinachokosekana, hasa Desemba hadi Februari na tena Juni na Julai, ni maji safi ya kina kifupi mahali ambapo paka hafiki. Kwa hiyo ukiwa na Jumamosi moja tu na watoto wawili watatu wa kusaidia, anza na bakuli la maji. Likizo ndefu ya shule inaangukia kiangazi, na ndicho kipindi kizuri cha kazi hizi kwa sababu simenti, vibuyu na maganda ya mgomba vyote vinataka siku zisizo na mvua.

Bakuli la jani la gimbi

Bakuli hili ni la simenti, na umbo lake linatokana na jani la magimbi, yale yanayoitwa mayuni sokoni Kampala. Chagua jani la sentimita 40 hadi 50 lisilotobolewa na viwavi, na ulichume asubuhi ya siku ya kazi. Likinyauka, mishipa inalegea na alama zake hazitoki vizuri kwenye simenti. Utomvu wake unawasha, basi anayelishika avae glavu. Simenti mbichi nayo huchoma ngozi, kwa hiyo mtoto achekeche mchanga, apime na kumimina maji. Kukanda ni kazi ya mtu mzima mwenye glavu.

Kivulini, rundika mchanga wenye unyevu uwe kichuguu cha mviringo chenye kimo cha sentimita 5 katikati, kinachoteremka taratibu hadi chini. Huo ndio utakuwa ubonde wa bakuli, na ukiuzidisha utapata shimo la kuzamisha ndege wadogo. Tandika kaveera (mfuko wa plastiki) juu ya mchanga, kisha laza jani juu yake, upande wenye mishipa iliyotokeza ukitazama juu. Kikonyo kikate kabisa.

Kwa jani la ukubwa huo pima kwa tumpeco, kikombe kikubwa cha plastiki: tumpeco 2 za simenti na tumpeco 6 za mchanga laini wa lipu uliochekechwa. Changanya vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo utie tumpeco 1 ya maji na kuongeza kidogo kidogo. Chota konzi, ifumbate, kisha fumbua: tonge likibaki na alama za vidole bila kuvuja maji, umefika. Likimeguka, ongeza maji kwa kijiko. Likiteleza kati ya vidole, umeshazidisha, na dawa ni kuongeza simenti na mchanga kwa kipimo kilekile cha moja kwa tatu. Maji mengi ndiyo sababu kubwa ya bakuli kupasuka, kwani yanapokauka huacha vinyweleo na nyufa.

Anza kupaka katikati ukienda ukingoni, ukibonyeza kwa nguvu ili simenti iingie kwenye mishipa ya jani. Katikati pawe na unene wa sentimita 2.5, ukingoni 1.5. Ukingo mwembamba kuliko sentimita 1 humeguka siku ya kwanza bakuli linapohamishwa. Usiache simenti ivuke ukingo wa jani, maana hapo umbo la jani linapotea. Palipo juu kabisa pa kichuguu, sawazisha upana wa kiganja, kwa sababu bakuli likigeuzwa hapo ndipo litakapokalia.

Funika kwa gunia lililoloweshwa na uliache siku 2 nzima. Watoto watataka kulifunua jioni ileile, usikubali. Siku ya tatu ligeuze kwa mikono miwili, ubandue jani taratibu. Vipande vilivyong'ang'ania mishipani viache vikauke, vitatoka kwa brashi. Kisha bakuli lizamishwe kwenye beseni la maji kwa wiki nzima, na maji yabadilishwe kila siku. Hatua hii wengi huiruka. Simenti mpya hutoa chokaa inayofanya maji yawe makali, na ndege wakiyaonja watayakwepa. Kulizamisha pia kunalifanya likomae na kuwa gumu, maana simenti iliyokaushwa juani haraka haina nguvu.

Asiyetaka simenti anunue sinia la udongo kwa wafinyanzi au atumie kitako cha mtungi uliovunjika, ukingo wake ukiwa umesuguliwa kwa jiwe. Udongo una uzuri wake: unakwaruza kidogo na ndege anasimama bila kuteleza. Sahani ya plastiki au mfuniko wa sufuria havifai mpaka utandike kokoto, na mfuniko wa bati ukikaa juani maji yanachemka.

Pa kuliweka, na kazi ya kila siku ya pili

Weka bakuli juu ya kisiki au matofali yaliyopangwa imara, kimo cha mita 1 hivi, na umbali wa mita 2 au zaidi kutoka kwenye kichaka. Paka huvizia kwenye majani mazito, na ndege aliyelowa manyoya haruki haraka. Lakini tawi la kukaushia mabawa liwepo jirani, juu, si pembeni. Kivuli cha saa sita mchana ni muhimu kuliko mandhari ya dirisha la sebuleni.

Maji yawe na kina cha sentimita 2 ukingoni na yasizidi 4 katikati. Weka jiwe bapa katikati, lichomoze kidogo. Chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, na mishigi watasimama juu ya jiwe au pembeni kabisa, shore ataingia hadi kifuani na kurusha maji kila upande, na kurumbiza huja kabla jua halijachomoza vizuri au jioni giza linapokaribia. Njiwa na tetere hunywa bila kuinua kichwa, tofauti na ndege wengi wanaochota tone, wanainua mdomo na kumeza. Mtoto akishagundua tofauti hiyo mwenyewe, hutamuondoa dirishani.

Sasa jambo la mbu. Mbu hutoka yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hivi palipo na joto kama letu. Kwa hiyo maji yabadilishwe kila siku ya pili bila kukosa, na ya zamani yamwagwe kwenye tuta la mboga. Familia isiyoweza kushika ratiba hii ni afadhali ikalifunika bakuli chini juu, kuliko kufuga malaria uani. Kazi hii mpe mtoto mmoja kwa jina, si "watoto" kwa jumla. Kazi ya wote haifanywi na mtu. Mara moja kwa wiki sugua ukoga kwa brashi ngumu bila sabuni. Ukiona kinyesi kingi, tumia Jik sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, suuza mara tatu, anika juani mpaka harufu iishe.

Kuku wasinywe hapo. Januari 2017 mafua ya ndege yaligunduliwa nchini kwa ndege wa porini kandokando ya Ziwa Victoria, na ndege wa kufugwa nao wakakutwa nayo. Bakuli la ndege na chombo cha kuku vitenganishwe, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kusafisha. Ndege aliyekufa bila sababu asiguswe kwa mikono mitupu. Wakifa kadhaa kwa pamoja, mwambie afisa mifugo wa eneo lako.

Kibuyu cha kiota

Kibuyu ni cha ndege wanaotaga matunduni, na uani mwetu mpangaji wa kwanza kwa kawaida ni jurawa, yule ambaye vinginevyo angeingia chini ya bati lako. Nunua kibuyu kilichokwisha kukauka. Ukikitikisa mbegu zicheze. Kibichi kikikatwa kinaoza au kinakunjamana. Upana wa tumbo uwe sentimita 18 hadi 20.

Loweka upande wake wa nje kwa kitambaa chenye maji kwa nusu saa, kisha kwangua ngozi ya juu kwa kisu butu. Tundu la mlango liwe na kipenyo cha sentimita 3.5 hadi 4, sawa na vidole viwili vya mtu mzima vikiwekwa pamoja. Likizidi hapo unakaribisha wezi wa mayai. Lichorwe sentimita 10 hadi 12 juu ya kitako, kwani mlango ulio chini sana huwaangusha makinda. Zungushia alama kwa msumari wa moto, tundu dogo kando ya tundu dogo, halafu unganisha kwa kisu chembamba na kulainisha kwa msasa. Ukilazimisha kisu peke yake kibuyu kitapasuka hadi shingoni. Funika pua kwa kitambaa unapokwangua ndani, vumbi lake ni chungu na linakohoza.

Kitakoni toboa matundu 5 ya milimita 5 ya kutolea maji, na mengine 2 chini ya shingo kwa ajili ya joto. Shingoni pitisha waya. Usiweke kijiti cha kukalia mbele ya mlango, hata kama kinapendeza: jurawa hakihitaji, ila kunguru anakihitaji sana. Rangi na vanishi zibaki nje tu, na zikauke wiki 2 kabla ya kutundika. Kwa kweli kibuyu kitupu kisichopakwa chochote ndicho kinachokubaliwa haraka.

Tundika mwishoni mwa Februari kabla ya mvua za Machi, au Agosti kabla ya zile za Septemba, mita 3 juu, mlango ukiipa mgongo pande ambayo mvua yako hupigia. Usikibandike chini ya bati. Adhuhuri pale ni tanuri. Nyigu wakikiwahi, waache mpaka wahame. Nyuki wakiingia, usiwachokoze kwa moshi wa gazeti. Mwite mfuga nyuki aje usiku. Makinda yakishatoka, subiri wiki 3, kisha mwaga uchafu ndani ya shimo ukiwa na glavu, sababu kiota cha zamani hujaa utitiri.

Kikapu cha chakula, kwa wanaosisitiza

Nimekiweka mwishoni mwa vyombo makusudi. Mwenye jirani anayeanika wimbi uani mwake asitundike mtama kwake: kwera, wale ndege wafumaji wa viota, wataitana, na lawama zitakuja kwa mguu. Hata hivyo kazi yenyewe ni nzuri kuifanya na bibi, jjajja wa nyumba, maana mikono yake huwa imeshaujua ususi tangu zamani.

Kiini ni maganda makavu ya mgomba, ebyayi. Yachanwe vipande vyembamba na yafungwe ndani ya kitambaa chenye maji kwa nusu saa. Usiyatumbukize ndooni. Yakivimba maji utasuka vizuri leo, na kesho yakikauka yatasinyaa na kikapu kizima kitalegea. Kusanya kifungu chenye unene wa penseli. Kwa kuzungushia tumia rafia au chane za ukindu za milimita 5, na shazia ya kushonea.

Zungushia sentimita 5 za mwanzo wa kifungu, zikunje ziwe duara dogo, na ushone katikati. Kutoka hapo kila mzunguko unashonwa kwa kupitisha shazia ndani ya mzunguko uliotangulia. Kikapu cha matumizi ya nyumbani hushonwa kwa kubananisha, lakini hiki kinataka nafasi: zungushia mara tatu nne, ndipo ushone mara moja, ili maji ya mvua yapite. Kiini kikianza kupungua, chomeka maganda mapya ndani yake kabla hakijawa chembamba, moja moja, si yote kwa pamoja. Kitako kikianza kutuna na kuyumba, unashona kwa kulegeza; kikijikunja juu kabla ya wakati, unavuta mno. Dosari zote mbili zinaonekana kwenye mzunguko wa nne au wa tano, na hapo ndipo pa kufumua. Ukisubiri, hakirudi.

Kikifika sentimita 25, anza kuukalisha mzunguko juu ya mwingine badala ya kando, mara tatu, upate ukingo. Funga kamba 3 za mkonge za sentimita 40. Tumia rafia isiyotiwa rangi, kwani ile ya dukani huchuja rangi kwenye mbegu mvua ikinyesha.

Sisimizi watafika kabla ya ndege. Watu hupaka grisi kwenye kamba, jambo baya, kwa sababu ikishika manyoya haitoki na ndege hushindwa kujikinga na mvua. Kata kitako cha chupa ya plastiki, toboa katikati, pitisha waya wa kutundikia, ziba tundu kwa nta ya mshumaa na ujaze maji. Sisimizi hawavuki.

Konzi moja ya wimbi au mtama asubuhi inatosha; kisichoisha kabla ya saa nne hadi tano kiondolewe. Kipande cha papai au ndizi ya bogoya iliyoiva sana kitawaleta shore na kuzumburu. Mkate, posho iliyolala na chochote chenye chumvi visiwekwe. Karanga na mahindi yaliyoshika ukungu ni sumu hasa: sumukuvu tunayokatazwa sisi kula inaharibu ini la ndege vilevile, na "hizi ni za ndege tu" ndiyo njia ya haraka ya kuwaua. Ukiona ndege aliyejitunisha manyoya amesinzia mchana kikapuni, shusha kila kitu kwa wiki 2 na uoshe.

Nyuzi na nywele

Msimu wa mvua utaona ndege wakibeba chochote cha kujengea. Unaweza kufungasha mabaki ya maganda ya mgomba, nyuzi za mkonge na manyoya ya kuku kwenye kikapu kidogo chenye nafasi pana, vyote vikiwa vimekatwa visizidi sentimita 5. Urefu ndio unaoua. Nywele za bandia zinazotupwa saluni, uzi wa nailoni na nyuzi za magunia ya plastiki hujiviringisha kwenye mguu wa kinda, linakua huku uzi unabana, mpaka mguu unakufa au kinda linabaki limening'inia kiotani. Mabaki ya kusuka nywele nyumbani yafungwe na kutupwa pipani. Vipande vya chandarua cha zamani navyo visitolewe, kwani huwa vimetiwa dawa.

Kwera hana haja ya msaada wako. Dume anachana ukanda wa jani la mgomba au mnazi, anafunga fundo la kweli kwenye tawi, anatengeneza pete, kisha anasimama ndani ya pete hiyohiyo na kufuma chumba kumzunguka. Jike asipokipenda kiota, dume hukibomoa na kuanza upya. Vilivyoanguka chini ya mti vikianikwa juani siku mbili ni somo zuri kwa mtoto anayejifunza kusuka. Afumue fundo moja la kwera aone ilivyo kazi.

Maua badala ya maji ya sukari

Kwa chozi, maji ya sukari yanawezekana, sehemu 1 ya sukari kwa 4 za maji, bila asali wala rangi, lakini kwa joto letu lazima yamwagwe na chupa ioshwe kila siku, na nyuki watakushinda. Panda mshubiri na haibiskasi. Mwenye nafasi apande ejjirikiti, ambayo maua yake mekundu huwajaza chozi kutwa.

Wengine husema acha ua la mgomba lining'inie kwa ajili ya chozi. Hapana. Tangu 2001 mnyauko wa bakteria umekuwa ukiangamiza migomba nchini, na wadudu hubeba bakteria kupitia ua hilo. Mkungu ukishamaliza kutoa vichane, ua livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, kwa sababu panga linahamisha ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba.

Penye kiwanja kikubwa, mutuba ni wa thamani mara mbili. Ni mti uleule wa lubugo, kitambaa cha magome, sanaa ya Buganda ambayo UNESCO iliitangaza kuwa urithi mwaka 2005, na matunda yake madogo huliwa na ndege wengi. Hupandwa kwa gogo bichi la mita 2, nusu mita ikiingia ardhini, mvua zinapoanza. Usiusogeze karibu na msingi wa nyumba.

Kuzumburu watakula pia miche yako ya mboga. Wavu wa nailoni huwanasa miguu. Funika miche kwa matenga yaliyochakaa hadi ipate majani sita.

Mwisho, vioo. Ukishawavuta ndege, madirisha mapana, hasa yale meusi yanayoakisi kama kioo cha kujitazamia, yataanza kuwaumiza. Tundika nyuzi za mkonge au maganda ya mgomba yaliyosokotwa upande wa nje wa kioo, kutoka juu hadi chini, umbali wa sentimita 10 kati ya uzi na uzi. Pazia la ndani halisaidii, kwa sababu mwakisiko uko nje. Chozi au jurawa akigonga kioo kila asubuhi mahali palepale, anapigana na sura yake. Funika sehemu hiyo kwa gazeti, upande wa nje, kwa siku kadhaa mpaka aache.